Debe la Fuko na Mlango wa Kiboko

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Palikuwa na nini?"
"Palikuwa na debe."
"Debe la nani?"
"La Fuko."
"Lina nini ndani?"
"Halina kitu."
"Basi sogeeni karibu, maana debe tupu haliachi kuvuma, na hili lilivuma mpaka benki."

Hapo kale wanyama walilima. Si wote. Wengine walilima na wengine walikula, na mpaka leo mgawanyo huo haujapata marekebisho makubwa. Katika Bonde la Mkangazi, kando ya mto, walilima Fuko, Kanga, na wadogo wengine ambao kwenye taarifa huandikwa "na wengineo". Juu ya mwamba, palipo pakavu, palikuwa na benki. Benki ilikuwa ya Kiboko.

Enzi hizo Kiboko aliishi nchi kavu, kama mtu mwenye heshima zake. Benki yake haikuweka fedha, maana fedha hailiwi, na Kiboko hakuwa na imani na kitu kisicholiwa. Iliweka mbegu. Tembo alikuwa na madebe sitini mle ndani. Mamba aliweka madebe matatu, akakopa arobaini, hakurudisha hata punje, na kila akipita Kiboko alisimama kumpa mkono: "Huyu ndiye mteja wetu mkubwa!"

Fuko naye aliwahi kuweka debe moja. Akatozwa ada ya kuingiza, ada ya kutunza na ada ya kutoa. Alipouliza limebaki kiasi gani, akatozwa ada ya kuuliza. Jibu likawa: halijabaki kitu. Akarudishiwa debe lenyewe, tupu, pamoja na pongezi kwa uaminifu wake.

Hilo alilimeza. Lililomkaba kooni ni shamba. Misimu miwili mfululizo mahindi yake yalifika kiunoni, jua la utosi likawaka, wenye mashamba wakajificha kivulini, na waliporudi hawakukuta kitu. Mabua yameng'olewa, udongo umekanyagwa, na nyayo zimebaki, kila unyayo mpana kama ungo. Bonde zima lilimjua mwenye nyayo zile. Hakuna aliyemtaja. Afisa mikopo wa benki, Yangeyange, alikuja kukagua hasara akiwa amepanda mgongo wa Kiboko, manyoya meupe pe! kama shati la siku ya mshahara. Akazitazama nyayo. Akaitazama miguu iliyomleta. Akaandika: "Mazao yameharibiwa na majanga ya asili."

"Ndivyo?" akauliza Kiboko, akichokonoa bua kwenye meno.

"Ndivyo, Mzee," akasema Yangeyange.

Sasa masika yalikuwa yananukia. Fuko alikuwa na shamba, alikuwa na kucha za kulimia, alikuwa na watoto watano shimoni, na hakuwa na punje ya kupanda. Mvua ya kwanza ikimpita hajapanda, watoto wangetafuna mizizi mpaka iishe, kisha wangelihama bonde alilozaliwa mama yao. Basi akachukua debe lake tupu, akaupanda mwamba, kwaru, kwaru, kwaru, kwenda kukopa mbegu.

Alifika alfajiri. Mlango umefungwa. Akagonga, ko, ko, ko.

"Nani?" akauliza Yangeyange kutoka ndani.

"Mimi Fuko, Bwana Afisa. Nimekuja kukopa. Nilitaka niwahi siku."

"Siku haijaanza. Imeandikwa hapo mlangoni. Siku ya benki huanza saa mbili asubuhi na kwisha saa tisa alasiri."

"Na sasa je? Si Jumanne hii?"

"Sasa ni jana inayochelewa kuondoka. Subiri."

Fuko akasubiri. Na kwa kuwa macho yake ni madogo kuliko punje za mtama, husoma kwa sharubu, pua juu ya ubao, herufi moja baada ya nyingine. Wenye macho huyaruka maandishi madogo. Fuko hakuwa na cha kurukia. Mpaka saa mbili ilipofika alikuwa ameusoma ubao wote wa kanuni za benki, kuanzia ya kwanza, iliyohusu kufuta miguu, mpaka ya tisa, iliyokuwa chini kabisa penye ukungu, ambako hata aliyeiandika alikuwa hajafika tena.

Mlango ukafunguka, kwiii!

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Dhamana?" akasema Kiboko. Hakuwa mtu wa maneno mengi kabla ya kula.

"Nina nyumba, Mzee. Nimeichimba mwenyewe. Vyumba saba na ghala."

Kiboko akamgeukia afisa wake. Yangeyange akakohoa. "Bi Fuko, nyumba yako ni shimo. Shimo ni mahali ambapo udongo haupo. Benki haiwezi kukamata kitu ambacho hakipo."

"Lakini watoto wangu wanalala humo."

"Pengine wanalala. Kisheria hawapo popote."

Kiboko akanyanyua muhuri. Pwaa! IMEKATALIWA.

Fuko akarudi zake, akachimba, akafikiri. Fuko hufikiri kwa kucha. Akitulia, mawazo nayo yanatulia.

Siku ya pili aliupanda tena mwamba, kwaru, kwaru, kwaru. Safari hii alipitia kwa mashahidi wa kumwekea sahihi, akafika saa tisa na kidogo.

"Siku imekwisha," Yangeyange akamwambia kupitia tundu la ufunguo.

"Jua si hilo bado liko juu!"

"Hilo ni jua. Mimi nazungumzia siku."

Akajikunyata mlangoni mpaka kesho yake saa mbili. Mlango, kwiii! Shikamoo, marahaba.

"Historia ya mavuno?" akauliza Kiboko.

"Misimu miwili sikuvuna, Mzee."

"Kwa nini?"

Fuko akaivuta pumzi. "Majanga ya asili, Mzee."

Kiboko akajikuna shingo. "Unaona? Wewe unaandamwa na majanga. Tena shamba lako liko karibu mno na mto. Mafuriko."

"Basi nihamie mbali na mto."

"Ukiwa mbali, nani atakuja kukukagua? Gharama."

"Karibu hapafai, mbali hapafai. Niwe wapi, Mzee?"

"Angalia mwenzako Mamba," akasema Kiboko, "yeye ametulia." Pwaa! IMEKATALIWA.

Fuko akarudi zake, akachimba, akafikiri. Akachimba mpaka chini ya shamba la jirani yake Kanga, akatokeza pua katikati ya viota vyake.

"Shoga, umenishtua! Kekeke!" akaruka Kanga. "Wamekupa?"

"Wamenipa muhuri. Lakini nimeelewa jambo. Benki haiogopi mvua wala wadudu. Inaogopa kuyakopesha mashamba kwa sababu inamjua vizuri anayeyala."

"Kila mtu anamjua!"

"Ndiyo, ila yeye anamjua kutoka ndani. Sasa, shoga, waite wakulima wote. Kesho tunakwenda kukopa kwa pamoja. Tutaweka dhamana mashamba yetu yote, na mazao yake yote."

"Una wazimu? Tukishindwa kulipa atachukua bonde zima!"

"Tusipopanda tunakosa hakika. Tukipanda tunakosa labda. Mimi nimekula hakika misimu miwili, imenitosha."

Wakaenda, saa mbili barabara. Mlango, kwiii! Shikamoo, marahaba.

"Dhamana?"

"Bonde, Mzee," akasema Fuko.

Kiboko alikuwa anapiga mwayo. Mwayo ukabaki wazi.

"Mzee wangu," Fuko akaendelea kwa sauti ya unyenyekevu, "wanaokula mahindi ya watu huku wanatazama nyuma, hata ladha hawaipati. Shina moja huku, mashina mawili kule, mbio. Sisi tunasema, tukopeshe madebe saba. Tukishindwa kulipa siku ya malipo, mashamba yote ni yako kwa sahihi na muhuri. Utakula umekaa. Utakula umelala. Utakula mpaka mizizi, na taarifa itaandikwa 'mali ya benki'."

Mate yakamdondoka Kiboko juu ya fomu, to, to, to.

"Iwe mkopo wa kikundi," akasema Yangeyange, aliyependa vikundi. "Mkataba mmoja, dhamana moja. La mmoja ni la wote."

"La mmoja ni la wote," akaitikia Fuko. "Andika hivyohivyo, Bwana Afisa, usipunguze neno. Na uandike kwamba mkataba unafuata kanuni zote za ubaoni."

"Zote?" akauliza Kiboko, ambaye mara ya mwisho kuzisoma ni siku alipoziandika.

"Zote tisa, Mzee. Sisi wadogo tunapenda kubanwa."

"Wabane," akaamuru Kiboko. Kisha akainama sikioni kwa afisa wake, lakini mnong'ono wa kiboko husikika ng'ambo ya mto. "Mahindi ya bondeni yanakomaa siku ya ngapi?"

"Ya mia, Mzee."

"Andika malipo siku ya tisini."

Kanga akadakia, "Lakini mahindi—"

"Robo mwaka ni siku tisini," Yangeyange akasema bila kuinua kichwa. "Mahindi nayo yajifunze kufuata robo mwaka."

Pwaa! IMEKUBALIWA.

Mvua ikanyesha, wakapanda. Mahindi yakaota, yakafika magotini, yakafika kiunoni. Jua la utosi likawaka. Kiboko akashuka mwamba kama kawaida yake, tifu, tifu, tifu, Yangeyange mgongoni. Akafika ukingoni mwa shamba la Fuko, akafumbua kinywa. Akakumbuka. Ni dhamana yake. Akienda kwa Kanga, dhamana yake. Akienda kwa wengineo, dhamana yake. Bonde zima lilikuwa chakula chake, na hakuwa na ruhusa ya kula hata jani.

"Siku ya ngapi leo?" akauliza.

"Ya arobaini na mbili, Mzee."

Akafumba kinywa. Akala nyasi.

Mara akaona ngedere watatu kwenye mahindi ya Kanga. "Tokeni kwenye dhamana yangu!" Mbio, tifu tifu tifu! Ngedere wakapaa. Kesho yake ngiri. "Tokeni!" Keshokutwa ndege. Kiboko akawa analala shambani, anaamka shambani, sikio moja kwa ngiri na jingine kwa ndege. Misimu yote Bonde la Mkangazi halijapata kuona mahindi mazuri namna ile. Kanga alisema tangu aanguliwe hajaona shamba linalolindwa na mwizi wake. Yangeyange akaandika kwenye taarifa: "Dhamana imenenepa. Mkopeshaji amekonda."

Siku ya themanini na tisa ikafika. Mahindi yalikuwa mabichi, yamebeba vichanga vyenye ndevu za kijani. Wakulima wakamzingira Fuko pale kwenye kichuguu cha udongo alioufukua shimoni.

"Kesho tunanyang'anywa," akalia Kanga. "Watoto wangu ishirini na wawili! Niwaambie nini?"

"Waambie walale mapema," akasema Fuko. "Na wewe niazime debe. Kila mtu aniazime debe lake."

Wakampa madebe saba. Fuko akayajaza mpaka juu, akayafunika kwa majani ya mgomba, akayafunga kwa kamba. Saa tisa kasoro kidogo wakayafikisha mlangoni kwa Kiboko, wanasukuma, wanahema.

"Nini hivi?" Kiboko akatoka. Mashavu yalikuwa yamemshuka.

"Madebe saba, Mzee. Tumeona tuyalete mlangoni mapema. Kesho mlango ukifunguliwa tutakuwa hapa kuonana na benki."

Kiboko akaliinua moja. Zito. Akaliinua la pili. Zito. Uso ukamparama. "Fungua nione."

Ngo! ikalia kengele ya saa tisa.

"Siku imekwisha, Mzee," akasema Yangeyange kwa mazoea. Na mlango, kwiii, ukafungwa.

Njiani kurudi, Kanga akamvuta Fuko pembeni. "Shoga, kweli umetujazia mbegu?"

"Nimejaza udongo. Kuna aliyeniuliza?"

Kiboko hakulala. Alfajiri, umande bado uko kwenye majani, akamtikisa afisa wake.

"Leo siku ya ngapi?"

"Ya tisini, Mzee."

"Wakilipa saa mbili, mimi sipati kitu. Siku tisini za nyasi, bure!"

"Ndivyo, Mzee."

"Lakini nikila sasa, watakaponifikia nitakuwa nimekwisha kuchukua changu."

Hapa Yangeyange alisita. Ile kanuni ya tisa aliijua kwa moyo, maana kila masika yeye ndiye aliyeipangusa ukungu. Lakini alikuwa amekula juu ya mgongo ule miaka saba, na mgongo ulikuwa unatetemeka kwa njaa.

"Ndivyo, Mzee," akasema, polepole kuliko siku zote.

Tifu, tifu, tifu, tifu! Kiboko akashuka mwamba, akaingia shamba la kwanza, nalo lilikuwa la Fuko. Mraaa! shina la kwanza. Mraaa! la pili. Lilikuwa tamu mpaka machozi yakamtoka. La tatu lilipokuwa nusu nje nusu ndani ya kinywa, udongo mbele yake ukafura, ukapasuka, ikatokeza pua.

"Shikamoo, Mzee."

"Mahahaba," akasema Kiboko.

"Saa ngapi sasa, Mzee?"

"Hii leo ndiyo siku ya malipo! Siku ya tisini!"

"Haijaanza, Mzee. Siku ya benki huanza saa mbili. Sasa hivi ni jana inayochelewa kuondoka."

"Kekekeke!" Kanga akalipuka kutoka kwenye mabua, na wengineo nyuma yake. "Kala! Kala! Kala! Kala jana!"

"Na kanuni ya tisa," akasema Fuko, akafumba vile vimacho vyake na kukariri, "ambayo Mzee uliiandika mwenyewe mwaka ule Ngiri alipokopa mbegu za viazi akavitafuna kabla ya siku, inasema hivi: 'Atakayeila dhamana kabla ya siku ya malipo, awe mkubwa awe mdogo, mkopo utahesabiwa ni wake, na ataulipa yeye.' Mkopo wetu ni mmoja. La mmoja ni la wote. Mzee, umekula mashina mawili na nusu. Umekopa madebe saba."

Kiboko akatema. Bua halikurudi shinani.

"Mimi ndiye benki!" akanguruma, mpaka mto ukaingia mikunjo. "Nani atanidai mimi? Nitaufuta ubao huo kwa mkia wangu!"

Wakulima wakarudi nyuma hatua tatu. Fuko naye miguu ilimtetemeka, akamshukuru Mungu kwamba imo shimoni na haionekani. Nyuma yake walikuwa watoto watano, na mbele yake kinywa ambacho wangeenea humo wote na nafasi ikabaki.

"Ufute, Mzee," akasema. "Ila Tembo ana madebe sitini mle ndani, na ameyaweka kwa kuuamini ubao ule. Akisikia kwamba kanuni hufutwa mwenye benki akiwa na njaa, atayataka yote kwa siku moja. Na Tembo akija kutoa, hagongi. Tumuulize Bwana Afisa, yeye ndiye msomi. Bwana Afisa, ndivyo au sivyo?"

Umande ukadondoka, to. Yangeyange akautazama mgongo aliosimama juu yake. Akazitazama nyayo pana kama ungo. Akayatazama mashina mawili na nusu. Miaka saba alikuwa amesema neno moja kwa mtu mmoja.

"Ndivyo, Mama Fuko," akasema, na akaruka kutua juu ya kichuguu. Kisha akaandika: "Mazao yameliwa na Kiboko."

Benki ikafunguliwa saa mbili. Riba ambayo Kiboko alijiwekea kwa miaka saba ikahamishwa kutoka upande wa kushoto wa ghala kwenda upande wa kulia, ikatosha madebe sita na nusu. Nusu debe likabaki deni, na Yangeyange akampa Fuko kazi ya kulidai kwa niaba ya benki. Mahindi yakakomaa siku ya mia, bila kujali robo mwaka. Watoto watano wa Fuko walikula mpaka wakakwama kwenye mlango wa shimo, ikabidi mama yao aupanue, na kisheria bado hawakuwa popote.

Na lile nusu debe? Kila siku saa mbili asubuhi Fuko aliupanda mwamba kulidai, kwaru, kwaru, kwaru. Na kila siku saa mbili kasoro kidogo Kiboko alijitosa mtoni, chubwi! akabakiza macho, masikio na tundu za pua. Ndiyo maana mpaka leo hushinda majini, anachungulia, anasubiri ilie saa tisa na giza lifuatie, kisha ndipo atoke kwenda kula, maana nje ya saa za kazi hadaiwi na mtu. Yangeyange bado utamwona amepanda mgongoni kwake siku mojamoja. Msimshangae. Barua yake ya uhamisho inashughulikiwa.

"Funzo la hadithi hii mmelipata?"
"Tumelipata!"
"Ni lipi?"
"Tusome maandishi madogo!"
"Hapana, wajukuu zangu, mmekosea wote. Funzo ni kwamba kumkopesha mkulima ni hatari sana. Tazameni yaliyoipata benki."

Hadithi yangu naitua hapa. Ikiwa tamu, ni yenu, tafuneni. Ikiwa chungu, nirudishieni kesho, lakini msinigongee kabla ya saa mbili.